Dagaa Wangu Juu ya Mzinga wa Jeshi

Aibu niliyoipata leo hapa Kibirizi, jamani, inatosha mwaka mzima. Kesho sijui nitapita njia gani kwenda mwaloni, mitumbwi inakoegesha. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjatumiwa video, maana simu zilikuwa juu kama za harusini.

Mnaonijua mnajua kazi yangu ni dagaa. Asubuhi napokea kwenye mitumbwi, naanika, jioni nafunga viroba. Na mnajua nina mdogo wangu mmoja tu, Festo, niliyembeba mgongoni mama alipokuwa akilima kule Simbo. Sasa Festo ni koplo jeshini! (Natafuta kila nafasi ya kulitaja hilo. Hata nikinunua chumvi, muuzaji lazima ajue.)

Wiki hii jeshi limekuja kuonyesha zana zake kwa wananchi, kwenye uwanja uleule wa mchanga tunaoanikia dagaa. Na kikosi kilichokuja ni cha Festo. Jana akanipigia simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, koplo wangu."

"Dada, kesho mzinga wa maonyesho uko chini yangu. Meja mwenyewe atakuwepo. Mambo yakienda vizuri, ananiandikia kozi ya usajini. Yakiharibika, nasubiri tena, na sijui mpaka lini."

"Hutaharibu, mdogo wangu."

"Mimi sina wasiwasi na mimi. Njoo na mama. Mkae kwenye viti. Mkae tu, dada."

(Mtoto ananijua huyu.)

Tulikuwa tumetangaziwa kwamba leo uwanja uwe wazi, asiwepo mtu wa kuanika. Nikakubali. Lakini dagaa hawasikilizi matangazo. Asubuhi mitumbwi imeingia imejaa, na mimi nikajikuta na mabeseni mawili yamefurika. Dagaa mbichi hawana subira. Ukiwaacha mpaka mchana, majirani ndio wa kwanza kukukumbusha. Pembeni ya uwanja kote wenzangu walishawahi, hapakubaki hata pa kutandika leso.

Ndipo nikauona wavu.

Sasa hapa nawaomba mnielewe. Muda mrefu wataalamu wa uvuvi wanatufundisha tuache kuanika mchangani. Wanasema tutengeneze chanja: unasimamisha miti, unatandaza wavu juu yake, dagaa wanapata upepo chini na jua juu, wala hawashiki mchanga. Kila mkutano tunapiga makofi, tunakubali, tunarudi mchangani. Mkutano uliopita wakaahidi watatuletea chanja za mfano. Na mimi leo naona wavu mpana, mpya, umetandazwa kwenye vijiti usawa wa kiuno, na hakuna mtu. Ungefikiria nini?

"Mwakeye, Bi Zaituni!" nikamwamkia jirani yangu wa Katubuka, naye ana beseni lake. "Njoo uone, chanja zimekuja!"

"Za nani?"

"Za serikali. Huioni hiyo rangi ya kijani?"

"Mbona zimejaa vitambaa kama majani?"

"Vya kuziba matundu, dagaa wadogo wasidondoke." (Nilijibu kama niliyesomea.)

"Na mbona hakuna aliyeanika?"

"Bi Zaituni, aliyewahi kawahi!"

Baadaye nimeambiwa kulikuwa na kamba na kibao cha kukataza watu, upande wa barabara. Mimi nilipitia upande wa ziwani, njia yangu ya siku zote.

Tukaanza kuanika. Mikono inatandaza, mdomo nao haukukaa bure. Nikamweleza Bi Zaituni kwamba leo mdogo wangu anasimamia mzinga mzima. Basi furaha ikanizidi, nikaongeza na yasiyohitajika. Kwamba huyu Festo, mpaka darasa la tano, alikuwa anaogopa bata. Siyo mbwa, siyo nyoka, bata! Kwamba kuna siku bata wa jirani alimfukuza akajitosa ziwani na sare za shule, na daftari mkononi, akakaa humo majini analia mpaka nikamfukuza yule bata kwa ufagio.

"Na leo ana mzinga!" nikasema. "Bata wa Kigoma wakajipange upya!"

Bi Zaituni alicheka mpaka akakaa chini. Katikati ya kicheko nikasikia mtu anakohoa. Nikadhani ni yeye. Yeye alidhani ni mimi. Tukaendelea na kazi.

Nikanawa mikono, nikabadilisha kitenge, nikamchukua mama tukakaa kwenye viti kama tulivyoagizwa.

Maonyesho yakaanza, na jamani, ni mazuri! Kifaru kikapita kikisaga mchanga kwa minyororo yake, viti vikatetemeka, mama akanishika mkono. Yakafuata magari ya deraya, chuma kitupu kila upande, na vidirisha vidogo vya kuchungulia. Likaja lori lenye mabomba mgongoni, tukaambiwa ndilo linalorusha makombora. Ziwani nako boti ya doria ikakata maji, ina bunduki kubwa puani na injini mbili nyuma. Mvuvi mmoja nyuma yangu akasema, "Ile ukipanda kwenda Mwamgongo, unafika chai yako bado ya moto." Nilikuwa nimefurahi kweli. Nilijiona kama hayo magari yote ni ya nyumbani kwetu.

"Festo yuko wapi?" mama akauliza.

Hata mimi nilikuwa namtafuta.

Meja akashika kipaza sauti. "Wananchi, mmeona zana zinazotisha. Lakini nyingine kazi yake ni kutoonekana. Tangu alfajiri, hapa uwanjani upo mzinga na askari wanne. Nani anauona?"

Watu wote macho huku na huku. Mimi nikapanda juu ya kiti kabisa. "Haupo!" nikapiga kelele. (Ndiyo. Ni mimi niliyesema.)

"Upo," akasema Meja. "Tazameni kule."

Akanyoosha kidole kwenye chanja yangu.

Nikafungua mdomo nimwambie afande, ngoja kwanza, nikaanue dagaa. Filimbi ikaniwahi, wavu ukarushwa juu, na dagaa wangu wote wakapaa. Wakamwagika kila mahali! Pale chini kulikuwa na shimo, na humo shimoni mzinga, bomba lake linainuka taratibu limepambwa dagaa kama keki. Askari wanne wakaruka kwenye nafasi zao. Wa mbele Festo, dagaa kwenye kofia ya chuma, dagaa begani. Kunguru wote wa Kibirizi wakapata taarifa saa hiyohiyo.

Meja akasogea.

"Koplo! Hii ni nini?"

"Dagaa, afande!"

"Naona ni dagaa! Wamefikaje kwenye mzinga wangu?"

Festo anatazama mbele, uso mkavu. Nikajua hatanitaja hata akatwe.

"Maskini mwanangu," mama akasema kwa uchungu, "nani kamfanyia hivi?" Bi Zaituni, kiti cha jirani, akanitazama. Mimi nikatazama ziwa.

Nilitaka kukaa kimya, siwafichi. Lakini nikaikumbuka ile kozi. Kijana amekaa miaka jeshini anaingoja, halafu imponyoke kwa mabeseni yangu mawili? Nikasimama. Kutoka kwenye viti hadi kwenye ule mzinga ni hatua chache, lakini leo uwanja ulirefuka.

"Ni wangu, afande. Dagaa ni wangu. Hawa vijana hawana kosa."

"Mama, uliweka dagaa juu ya mzinga?"

"Sikuona mzinga, afande. Niliona chanja."

Watu wakaanza kucheka. Nikamweleza habari ya chanja na ahadi ya wataalamu, naye kipaza sauti amekishika karibu na mdomo wangu, kwa hiyo niliwaeleza na nyie wa Ujiji. Akamgeukia Festo.

"Mlimwona?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini hamkumzuia?"

"Amri ilikuwa tusitoke wala tusitoe sauti mpaka filimbi, afande."

"Unamfahamu mama huyu?"

"Ni dada yangu, afande!"

Kicheko kilichopigwa hapo, nadhani na Kongo ng'ambo wamekisikia. Nyuma ya Festo askari mmoja alikuwa anajiuma midomo, machozi yanamtoka.

"Wewe unacheka nini?" Meja akamfokea.

"Bata, afande!"

"Bata gani?"

Na huyo kijana (sitamsahau sura) akasimulia yote. Daftari, sare, ufagio. Kwa kipaza sauti! Walikuwa wamelala chini ya mikono yangu, wamesikia kila neno. Kumbe aliyekohoa ni Festo, dagaa mmoja alimwingia puani. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini kwa bahati yangu ingepasuka ningekutana na askari wengine.

Meja akatugeuzia mgongo. Mabega yakawa yanacheza. Alipogeuka alikuwa amejikaza.

"Wananchi," akasema, "mama huyu anakanyaga mchanga huu kila siku. Ameweka mikono yake juu ya mzinga na hakuuona. Sijui niwape ushahidi gani zaidi. Na huyu koplo amemwona dada yake, amesikia siri zake zinamwagwa mbele ya vijana wake, dagaa puani, na hakusogea. Huyo ndiye ninayemtaka. Jina lake naliandika leo."

Basi si nikapiga vigelegele? Peke yangu, katikati ya uwanja, mikono inanuka dagaa. Festo akafumba macho. Halafu mama akaitikia kutoka kwenye viti, na wenzangu wa dagaa wakadakia, ikawa kama tumeoza binti.

Tumeokota dagaa pamoja, mimi, Bi Zaituni na askari wanne. Festo hakunisemesha mpaka beseni la kwanza lilipojaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nilikwambia ukae tu." Halafu akacheka, ndipo na mimi nikapumua. Kesho maonyesho yanaendelea, lakini mzinga umehamishiwa mlimani. Nasikia Meja amesema adui anamweza, anayemshinda ni mama mwenye beseni.

Video ikiwafikia, tazameni mzinga, mimi niruke. Na atakayecheka ajue kabisa anamcheka dada wa sajini.