Mkondo wa Saba Unavuja

Kwa Mratibu,
Somo la Stadi za Uandishi, Mwaka wa Kwanza.

YAH: WANAFUNZI WA MKONDO WA SABA KUVUJIA MKONDO WA TATU, NA HATUA NINAZOTAKA ZICHUKULIWE KABLA YA IJUMAA

Ndugu Mratibu,

Nakuandikia kwa cheo chako, si kwa udugu wetu. Kwamba mimi ni mjomba wako, na kwamba somo hilihili mimi ndiye niliyekufundisha kabla hujawa bosi wangu, hayo tuyaache, tutayazungumza Jumapili nyumbani kwa mama yako. Hapa ni kazi. Kila utakapoona nimeandika "Ndugu Mratibu", jua kuna neno jingine nimelimeza.

Kama ujuavyo, somo letu lina wanafunzi elfu moja mia sita na arobaini, waliogawanywa katika mikondo kumi na moja. Miaka yote kila mhadhiri alikuwa na ukumbi wake, mlango wake na watu wake. Wa Mkondo wa Pili angeweza kufundisha uongo mtupu na mimi wa Saba nisijue, na tuliheshimiana sana. Muhula huu wewe ukaamua mikondo yote ikae kwenye ukurasa mmoja wa mfumo wa mtandaoni, eti kila mwanafunzi apate notsi zilezile, majaribio yaleyale na tarehe zilezile. Ukaongeza sharti kwamba mkondo ambao hadi Ijumaa hii haufikishi watu ishirini darasani utafutwa, na watu wake watamezwa na mkondo mwingine.

Mkondo wangu ulianza na watu mia moja arobaini na tisa. Jana walikuja tisa. Mmoja wao alikuwa amekosea chumba, lakini kwa adabu yake alibaki mpaka mwisho, nami nimemhesabu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Ukurasa mmoja umeondoa sitara. Mhadhiri wa Mkondo wa Tatu, ambaye kwa bahati mbaya ndiye wewe, amejirekodi akifundisha na kuweka mihadhara hiyo mahali ambapo mikondo yote inaiona. Mimi aya ya utangulizi huifundisha wiki tatu. Wewe umeimaliza kwa dakika kumi na mbili, kwa mfano wa barua ya kuomba ruhusa ya mgonjwa, na watu wameelewa. Sijui walioelewa kwa dakika kumi na mbili watafanya nini na wiki tatu zilizobaki. Hukulifikiria hilo.

2. Mfumo una umbea. Chini ya kila notsi unaandika zimefunguliwa mara ngapi, bila kuulizwa. Notsi zangu za kurasa arobaini na sita zimefunguliwa mara tatu. Mara ya kwanza ni mimi, nikihakikisha zimepanda. Ya pili ni mimi tena, kwa simu ya mke wangu. Wa tatu simjui, ila alikaa sekunde nne. Taarifa za namna hii zina faida gani kwa taifa?

3. Kitufe cha kuhama. Zamani mwanafunzi aliyetaka kuhama mkondo alichukua fomu, akaja ofisini kwangu, akasimama mbele ya meza yangu, nami nikakataa. Ulikuwa utaratibu mzuri. Sasa anabofya "Hama" na yamekwisha. Wiki iliyopita nilimshuhudia binti wa safu ya mbele akihama nikiwa katikati ya sentensi. Sentensi yenyewe ilikuwa ndefu, nakubali, lakini nilikuwa bado sijafika kwenye kitenzi.

4. Kile ambacho watu wa utawala wanakiita "tukio la viti". Naomba kulieleza kama lilivyokuwa, kwa sababu limetiwa chumvi mno.

Ukumbi wangu ulikuwa na viti vichache, vingi vimevunjika. Wiki ya pili, nikiwa bado na watu, niliingia kwenye mfumo nikaandika tangazo: "Kesho saa nne kila mmoja aje ukumbini kwangu na kiti chake." Kumbe juu ya tangazo kuna kisanduku kinachouliza liende mkondo gani, na chenyewe kimekwisha jijazia neno "Wote". Mtu mwenye akili timamu hawezi kuweka "Wote" juu ya orodha ya mikondo. Hiyo ni kama kuweka chupa ya sumu mbele ya chupa za soda.

Kesho yake saa nne kasoro robo walianza kuja. Walitoka maktaba na viti vya maktaba, mgahawani na viti vya mgahawa, mmoja akiwa na kigoda. Watatu walikuja wakisukuma kiti cha kuzunguka chenye magurudumu kutoka ofisi ya Mkuu wa Kitivo, koti lake likiwa bado limetundikwa mgongoni mwa kiti. Ukumbi ulijaa, korido ikajaa, wengine wakapanga viti nje chini ya dirisha. Utawala wanasema ilikuwa patashika. Mimi niliingia, nikawaambia habari za asubuhi, nikafundisha. Kwa dakika arobaini nilikuwa na zaidi ya watu mia tatu waliotulia wakinisikiliza, wengine wakiandika. Nakiri kwamba niliifurahia siku hiyo kuliko siku nyingi za kazi yangu.

Kisha waligundua kwamba hakuna jambo jingine, wakaondoka wakiacha viti. Hadi leo hakuna aliyekuja kuvichukua. Mkondo wa Saba sasa una watu tisa na viti mia tatu na kumi na viwili.

5. Hili la tano silo la mfumo. Nimefundisha ukumbi ule miaka ishirini na sita. Naujua upande gani unavuja mvua ikinyesha na ubao upi unakataa chaki. Ukiufuta mkondo wangu Ijumaa, sijui Jumanne ijayo saa nne nitaelekea wapi, na jambo hilo linaniogopesha. Nimeliandika hapa kwa sababu fomu yako ya malalamiko haina nafasi yake.

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza somo lipangwe upya kama ifuatavyo.

Kwanza, ujengwe ukuta ndani ya mfumo, kila mkondo ubaki na ukurasa wake na pasiwepo wa kuchungulia kwa jirani. Nimelifikiria hilo kwa makini nikaona halitoshi, kwa sababu hata ndani ya mkondo mmoja watu hukaa pamoja, wakikaa pamoja huongea, na wakiongea hulinganisha walimu. Kwa hiyo kila safu ya viti iwe mkondo. Lakini safu nayo ina watu wawili watatu, na umbea hauhitaji zaidi ya hapo. Njia pekee ya uhakika ni kila mwanafunzi awe mkondo wake peke yake. Tutakuwa na mikondo elfu moja mia sita na arobaini, na katika kila mmoja mwanafunzi atashika nafasi ya kwanza. Wazazi watafurahi.

Najua utasema wahadhiri hawatoshi. Wanatosha. Kila mwanafunzi awe pia mhadhiri wa mkondo wake. Atajifundisha, atajisahihisha, na akichelewesha kazi atajiandikia onyo kali na kuliweka kwenye faili lake. Hapo hakuna wa kuhama, maana hakuna pa kuhamia. Sharti lako la watu ishirini lishuke hadi mtu mmoja, na ikibidi huyo mmoja asilazimike kuhudhuria.

Endapo hadi Ijumaa mchana sitakuwa nimejibiwa, nitalazimika kutoa tangazo jingine kwa Wote. Viti nimekwisha vijaribu, na sioni kwa nini meza zishindikane.

Wasalimie wahadhiri wa mikondo mingine yote, hata wale wanaonicheka kwenye ngazi. Msalimie mkutubi, mwambie naelewa kusimama kutwa si mchezo na samahani yangu iko njiani. Mkuu wa Kitivo mwambie koti lake nimelipiga pasi. Mama yako mwambie Jumapili naja, asimwambie mtu kwamba nilimpigia simu kulalamika kabla ya kuandika barua hii.

Wako, kikazi tu,
Mhadhiri wa Mkondo wa Saba (kwa sasa).

Tanbihi: Kabla hujaanza kujenga huo ukuta, kuna jambo unapaswa kulijua. Chini kabisa ya orodha ya Mkondo wako wa Tatu kuna jina "Mwanafunzi wa Majaribio". Ni moja ya akaunti ulizotugawia mwanzoni mwa muhula, tuone ukurasa kama wanafunzi wanavyouona. Huyo ni mimi. Niliingia kutafuta makosa yako. Nikatazama mhadhara wa kwanza, nikatazama wa pili ili niwe na ushahidi wa kutosha, na sasa nimefika wa tisa. Jaribio la tatu nilifeli nikarudia. Yule anayekuuliza maswali marefu kila Alhamisi, ambaye unamjibu kwa uvumilivu mkubwa, pia ni mimi.

Kazi ya mwisho umenipa kumi na tatu kati ya ishirini, na pembeni umeandika: "Sema jambo moja, kisha nyamaza." Maneno hayo ni yangu. Nilikuandikia kwa kalamu nyekundu ulipokuwa mwaka wa kwanza, ukalia, na mama yako akanigombeza wiki nzima. Sikujua kwamba uliyahifadhi.

Basi ukuta usijenge, nina kazi ya kukukabidhi Jumatatu. Na Ijumaa ikifika watu wangu wakiwa bado ni tisa, utufute. Tutakuja kwako kumi, pamoja nami, tukae nyuma. Usihangaike na viti.