Goti la Zamoyoni na Mchezaji wa Akiba

Jumatatu, 1 Julai 1985

Kwa daftari langu. Salamu nyingi sana, natumaini hujambo. Mwalimu Apolonia wa kisomo cha watu wazima ametuambia tuandike kila siku ili mkono usisahau. Lakini alichotufundisha ni barua tu, kwa hiyo naanza kama barua. Sisi hapa Geita hatujambo. Baba Zamoyoni hajambo, yuko na redio yake. Mama mkwe wangu, Bi Mwahija, hajambo, isipokuwa macho. Binti yangu Mwasiti hajambo, isipokuwa mdomo. Kuku hawajambo. Mwanangu Zamoyoni hajambo, isipokuwa goti.

Goti! Ndilo lililonishikisha kalamu. Jana timu yetu ya kiwanda cha pamba, Nyuzi, imecheza mechi ya nne kwa siku kumi. Zamoyoni ndiye namba tisa. Namba tisa mwingine hakuna. Karudi anachechemea, goti kama boga. Nimelikanda kwa maji ya chumvi na majani ya mbarika. Anasema haliumi. Machozi yanamtoka, anasema haliumi.

Na Jumapili ni Sabasaba, wanacheza na timu ya Kahama. Goti likivunjika, kazi nayo basi. Pale kiwandani alipewa kupima pamba kwa sababu ya miguu, si kwa sababu ya hesabu. Akifukuzwa ataenda wapi? Bugarama, kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kama vijana wote. Mtoto wa kiume ninaye mmoja. Sitaki hata kuandika.

Nimeamua. Timu itafute mchezaji wa akiba, mwanangu apumzike. Zamoyoni hajui. Wala hatajua.

Jumanne, 2 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Nkwabi, mwenyekiti wa timu. Nimembebea kuku. Mwadila, mayu, akanisalimu kwa Kisukuma chake, mayu ndiyo mama, akanikaribisha. Nikamweleza habari za goti. Nimelieleza vizuri. Labda vizuri mno. Nimesema asubuhi linalia kama kuni kavu. Nimesema chooni anakwenda na mkongojo. Mkongojo hatuna.

Mzee akasikiliza kichwa chini. Akasema jambo hilo kamati inaligombania tangu Pasaka. Kocha Eustace anamtaka mtu wa akiba. Katibu hamtaki, anasema mtu wa kukaa anakula sawa na mtu wa kukimbia. Kisha akaniuliza tena, hilo goti linalia kila siku? Nikasema kila siku, mzee wangu. Akasema wabeja, yaani asante, mayu. Akampokea kuku.

Nimerudi moyo mweupe. Bombani nikamkuta Klara, Mama Onesmo. Mwanawe ni golikipa. Mbele ya foleni nzima akaniambia, Mama Zamoyoni, huyo mwanao akichoka si umbebe mgongoni kwa khanga, ukacheze naye? Wanawake wakacheka hadi ndoo zikamwagika. Nikamjibu kwamba golikipa hachoki, anasimama tu kama mlango wa choo. Sikucheka mimi. Nilicheka nilipofika nyumbani.

Jumatano, 3 Julai

Nimeamka na hofu mpya. Je, huyo wa akiba akiwa hodari? Atachukua namba ya mwanangu. Kisha atachukua na mizani yake. Ole wangu, nimejichimbia shimo!

Lazima awe mbovu. Si mbovu wa kuonekana siku ya kwanza. Mbovu wa kuonekana siku ya pili.

Nikamwita Paskazia, yule anayepeleka dagaa Bugarama kwa wachimbaji. Huyo huona kila kitu. Nikampa chai, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, ni mchezaji gani kule hana maana. Hakufikiri hata kidogo. Donatus, wa timu ya Mwamba. Anakimbia kama amebeba gunia la mawe, maana ndiyo kazi yake mchana kutwa. Siku moja amepewa kona, mpira ukabaki palepale, akapiga kibendera.

Ndiye huyo! Huyo huyo!

Nikarudi kwa Mzee Nkwabi na mayai sita. Nikamwambia nimesikia habari za simba huko Bugarama. Akashangaa, mama umejuaje mambo ya wachezaji? Nikasema habari zinakuja na dagaa. Nikasema magolikipa wakimwona Donatus wanaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mungu anisamehe. Mzee akaliandika jina kwenye kiganja.

Alhamisi, 4 Julai

Kocha Eustace ameondoka na lori la pamba kwenda Bugarama. Mji umegawanyika. Kwenye bucha dereva mmoja alisema hata lori halitoki bila tairi la akiba. Muuza nyama akamjibu, lakini tairi haliombi ugali. Nusura wapigane. Mimi nilinunua utumbo nikaenda zangu.

Zamoyoni karudi kazini amenuna. Amesikia. Mama, nani kawaambia watu kwamba goti langu linalia kama kuni? Nikainama kupuliza moto. Nikapuliza hata ulipokwisha kuwaka. Mwasiti akaangua kicheko peke yake. Nikamkata jicho.

Ijumaa, 5 Julai

Wamekubali! Kocha karudi, Donatus anakuja kesho. Na juu yake katoni ya sabuni! Kule kwa wachimbaji sabuni haikatiki. Sisi duka la ushirika halijaiona tangu kabla ya Ramadhani, tunafua kwa majivu na majani ya mpapai.

Mzee Nkwabi akawaita mama wa wachezaji. Kila mmoja kipande kimoja. Mimi viwili. Akasema mbele ya wote, wewe mayu mchango wako umezidi. Klara alinitazama hadi macho yakamtoka maji.

Nimefua nguo zote za Zamoyoni. Suruali mbili, mashati, blanketi, hata mfuko wake wa njumu. Nyeupe! Nikiwa nasuuza nikajiuliza, hawa Mwamba kwa nini watoe mtu na sabuni juu? Nikajijibu mwenyewe, ndivyo wanavyomchoka huyo Donatus. Nikacheka hadi Bi Mwahija akauliza kuna nini.

Baba Zamoyoni akapunguza redio. Akauliza, na sisi tumewapa nini? Nikamwambia asikilize taarifa yake ya habari.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwisha.

Kocha Eustace alikuja saa nne. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibu ukae. Hakukaa. Akasema kamati imemtuma anishukuru kwa moyo wangu mkubwa, si mama wengi wangekubali. Nikauliza, kukubali nini? Akasema, kumtoa mtoto.

Mtu kwa mtu! Mwamba wametoa Donatus, Nyuzi imemtoa Zamoyoni. Sabuni ni nyongeza. Kwanza kamati ilikataa kabisa. Ndipo Mzee Nkwabi akasimama akawaeleza. Goti linalia kila siku, mama mzazi kasema. Donatus ni simba, mama mzazi kasema. Basi tumtoe huyu kabla Mwamba hawajajua ubovu wake. Mikono yote ikapanda juu. Na mizani anapewa Donatus.

Nilikaa chini, vumbini. Nikapiga kelele kwamba goti ni zima! Kwamba Donatus ni gunia! Kocha akanitazama kwa huruma. Uchungu wa mwana, mama, akasema.

Nikakimbia kwa Mzee Nkwabi na sabuni yao. Kipande kimoja kizima na mabaki ya cha pili. Nikasema chukueni, nirudishieni mwanangu. Akakipima kile kidogo kwenye vidole. Akauliza, na hii iliyoyeyuka, mayu?

Nguo zilikuwa zimekauka, nimezikunja mwenyewe tangu asubuhi. Zamoyoni alizitia tu kwenye begi.

Alasiri Klara akaja. Nikasema haya, sasa anakuja kucheka. Hakucheka. Alikaa karibu nami, akaniachia bakuli la maharage, akaenda zake. Afadhali angecheka!

Jumapili, 7 Julai, Sabasaba

Ameondoka na lori asubuhi. Wachezaji wa kule asubuhi wanashuka mashimoni, jioni wanacheza mpira. Nimemfungia majani ya mbarika kwenye kipande cha khanga. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alinishika mikono miwili akasema, mama, nakuomba, usifanye kitu. Kitu chochote. Nikaapa. Mwasiti shahidi.

Jioni tukaenda uwanjani. Donatus alicheza. Yote aliyosema Paskazia ni kweli tupu. Kahama tatu, sisi bila. Kibendera cha kona kimevunjika. Watu wakaanza kupiga kelele, huyu kaletwa na nani? Mzee Nkwabi akasimama akawa ananitafuta upande wa wanawake. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilivaa kandambili.

Jumatatu, 8 Julai

Paskazia amerudi. Nikamshika kabla hajatua kapu. Zamoyoni hajambo. Hawajamshusha bado. Wameliona goti, wamekasirika, wamemfanya mchezaji wa akiba. Anakaa benchi. Lakini wamemwambia kwamba wao hawalishi mtu wa kukaa. Wiki ijayo ashuke shimoni kama wenzake.

Nimelia. Bi Mwahija amelia. Baba Zamoyoni amezima redio, jambo ambalo sijaliona tangu tuoane. Alikwenda kukaa kwenye kitanda cha Zamoyoni.

Wiki ijayo! Mungu wangu, siku saba.

Halafu nikafikiri. Nyuzi sasa ina namba tisa mmoja tu. Na huyo mmoja ni Donatus. Timu gani inaishi hivyo? Si inahitaji mtu wa akiba? Na kule Bugarama si yupo mmoja, amekaa bure?

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Nkwabi na kuku. Nimemwambia nimesikia kule Mwamba kuna mtu wa akiba, hawamtaki, wanaweza kumtoa hata leo. Akaniuliza jina. Nikasema sikulishika vizuri. Akanitazama sana. Mwisho akasema sawa, mayu, hata yeye usingizi hapati tangu Sabasaba. Lakini wale watu wanataka mtu kwa mtu. Tutampa nani?

Nimefikiri njia nzima. Nimefikiri hata yale maharage. Kisha nikamwambia Paskazia, ukifika Bugarama waeleze Mwamba kwamba kwetu kuna golikipa, jina lake Onesmo. Hajafungwa tangu azaliwe. Klara ataelewa. Naye ni mama.

Sasa naandika barua hii aipeleke Paskazia. Naiandika kwanza hapa nisikosee.

Mwanangu mpenzi Zamoyoni. Salamu nyingi kutoka kwa baba yako, bibi yako, Mwasiti na mimi. Sisi hatujambo, tunakula kidogo. Ukisikia huko watu wanasema huna mbio, huoni goli na unakula sana, usiwapige. Ni mimi mama yako, nakushusha thamani ili watuachie upesi. Kiapo sijakivunja, nimekisogeza tu. Wakikuambia ushuke shimoni, anguka, ushike goti, ulie kwa sauti. Tafadhali nijibu haraka sana, kwa mkono wa Paskazia huyu huyu, na unieleze kwa kirefu, maana golikipa wao akiwa mbovu watamtaka wa kwetu upesi: huyo golikipa wa Mwamba, magoti yake yakoje?