"Mwalimu, Mimi ni Njue Gani?"

Leo nimepatikana vibaya. Tena nikiwa nimevaa suti, ile niliyonunua ya harusi ya mdogo wangu, na viatu vinavyofinya. Naandika nikiwa ofisini kwa sababu nimeogopa kutoka nje. (Wenye kazi za kufanya, endeleeni. Wambea, karibuni, vuteni viti.)

Wengi wenu mnajua nina shule ya udereva hapa Meru mjini, na tawi dogo kule Nchiru kwa ajili ya wanafunzi wa chuo. Hilo tawi linapumua kwa shida. Mwalimu wangu wa kule anaitwa Kanana, mama wa watoto wawili, analea peke yake. Nilikuwa nimemwambia avumilie kidogo, kuna kikundi cha wenye malori ya mchanga kutoka Kiritiri kinatafuta mahali pa kupeleka vijana wao wapate leseni. Tukiwapata hao, Nchiru haifungwi. Tukiwakosa, Kanana anarudi nyumbani.

Hao watu wa Kiritiri ndio walikuwa wageni wangu leo.

Sasa, mnajua pia nimeingia dijitali. Jamaa mmoja aliniuzia sistimu ya biashara, ya kompyuta, eti dashibodi. Mimi dashibodi niliyoijua ni ile ya gari! Hii inakuonyesha pesa iliyoingia na iliyotoka, halafu inakuonyesha kila mteja amefika wapi. Huyu anajifunza gia, huyu anangoja mtihani, huyu alilipa akapotelea hewani. Nimeipenda, siwadanganyi. Asubuhi naifungua hata kabla sijaomba. (Mungu anajua hali ya biashara.)

Shida ilikuwa majina.

Sisi huku tunarithi majina ya babu na nyanya, kwa hivyo ni yale yale yanazunguka tangu zamani. Simama hapo stendi uite "Mwenda!" uone ni wangapi watageuka. Ndiyo maana kila mtu kwa simu yake ana Mwenda Fundi, Mwenda Maziwa na Mwenda wa Kwaya. Usikatae, fungua simu yako. Sasa, sistimu ilitaka jina la kwanza na jina la pili. Kwa jina la pili mimi nikajaza vile ninavyowatofautisha. Mwenda Gonga Geti. Mwenda Klachi. Kendi Machozi, kwa sababu gari likizima tu, analia. Nimeyazoea mpaka siyaoni tena, kwangu yamekuwa majina kama majina mengine.

Basi, wageni wakafika. Mwenyekiti ni Mzee Njue, mtu mfupi, nadhifu, kofia imepigwa brashi mpaka inang'aa. Mweka hazina ni Mama Wanja, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Nikawapa chai na mandazi. Kwenye benchi kulikuwa na wanafunzi wangu wanangoja gari, Kendi akiwa mmoja wao. Nikawaacha wakae hapo, wageni waone biashara ina watu. (Akili nyingi huondoa maarifa.)

"Mwalimu," Mama Wanja akasema, "shule hizi zinafunguliwa leo, kesho zimefungwa na karo za watu ziko ndani. Sisi tutajuaje wewe utakuwepo?"

Kai! Swali nililokuwa nalingoja wiki nzima!

"Mama, maneno ya nini? Angalia ukutani."

Nilikuwa nimeunganisha kompyuta na ile tivi kubwa. Pesa zikatokea, zimepangwa vizuri, kijani kibichi kama mashamba ya Imenti. Nchiru ilikuwa nyekundu kidogo, hapo nikapita haraka. Mzee Njue akasogeza kiti mbele.

"Hii ni kazi safi," akasema. "Wanja, unaona?"

"Naona," Mama Wanja akajibu, na kwa mara ya kwanza akauma mandazi.

Hapo ndipo ningenyamaza. Hapo tu! Ningesema "sasa tuweke sahihi" na saa hii ningekuwa nyumbani nimevua viatu. Lakini mdomo wangu haujawahi kujua breki ziko wapi.

"Na si pesa tu," nikasema. "Hapa kwangu kila mteja namjua kama mtoto wangu wa kuzaa."

Nikabonyeza.

Tivi nzima ikajaa majina, tena kwa herufi kubwa. La kwanza: MWENDA GONGA GETI, ANARUDIA. Kwenye benchi mtu akacheka kupitia puani. Mimi bado sijaelewa, nimesimama kando ya tivi natabasamu kama mtangazaji wa habari. La pili: KENDI MACHOZI, GIA YA KWANZA.

Kendi akalisoma. Midomo ikaanza kutetemeka.

"Mwalimu, kumbe hivi ndivyo unaniita?"

Na, kama kawaida yake, akaanza.

Hapo ndipo macho yangu yalifunguka. Woi! Nikarukia kompyuta nifunge. Mikono jasho, kidole kikateleza, na badala ya kufunga, sistimu ikateremka mpaka chini, kwa wateja watarajiwa. Upande wa Kiritiri. Njue watatu walikuwa wamenipigia simu kuhusu hao vijana, na mimi niliwatofautisha vizuri kabisa:

NJUE LORI.
NJUE MREFU.
NJUE DOMO TUPU.

Huyo wa mwisho ndiye mwenyekiti, kwa sababu alikuwa ananiambia kila mara "mwalimu, wiki ijayo tunakuja," halafu haji. Sasa amekuja. Amekuja na kofia yake na mweka hazina wake.

Hata Kendi alinyamaza ili asikie vizuri.

Mzee Njue akavua kofia, akaiweka kwenye goti. Akauliza polepole, bila hasira yoyote, "Mwalimu, mimi ni Njue gani?"

Jamani. Kulikuwa na Njue Lori pale. Mtu wa malori, Njue Lori, nani angebisha? Mpaka sasa najiuliza kwa nini sikusema Lori. Lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka.

"Wewe, mzee wangu? Wewe ndiye Njue Mrefu."

Mzee Njue ananifika begani. Na mimi mwenyewe si mrefu.

Benchi lilianguka. Namaanisha lilianguka, na watu juu yake, kwa kicheko. Mama Wanja alijifunika uso na leso, mabega yakimtetemeka. Mzee hakucheka. Alivaa kofia yake, akainyoosha, akasema, "Asante kwa chai," akatoka. Mama Wanja akamfuata. Nilikimbia mpaka mlangoni na hivi viatu, lakini walikuwa wameshavuka barabara na hawakugeuka.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nilitaka kufuta hilo jina, nitafute namba yake, niombe msamaha kama mtu mzima. Kwanza nikamtoa kwa watarajiwa, nikamweka kwa waliotutembelea, ili nimpate kwa urahisi. Sasa, hii sistimu ina adabu kuliko mimi. Mtu akitutembelea, inamwandikia ujumbe yenyewe kumshukuru. Haikuniuliza! Nikaona tu kwenye skrini: "Mpendwa Njue Domo Tupu, asante kwa kututembelea leo. Karibu tena." Imetumwa.

Nilikaa chini. Si kwenye kiti, chini.

Jibu halikukawia.

"Mwalimu, chai ilikuwa nzuri. Vijana wetu tumewapeleka kwingine. Ni mimi, Njue Mrefu."

Nilicheka, sitawaficha. Halafu hasira zikaja. Nimemkasirikia aliyeniuzia sistimu, nimelikasirikia benchi, nimeikasirikia hata tivi, lakini nikituliza moyo najua ni nani wa kulaumiwa. Mzee wa watu ametoka Kiritiri na kofia safi kuniletea kazi, nami nimemtukana kwa herufi kubwa mbele ya watoto. Angechelewa hata mwaka mzima, hilo hakustahili. Na sasa Nchiru imekwisha, na inauma, acheni nisiwachekeshe kwa hilo.

Kendi amekataa kupanda gari leo. Mwenda Gonga Geti yeye amesema jina ni zuri, nisilibadilishe.

Kanana amepiga simu mara kadhaa kuuliza wageni wamesemaje. Sijashika. Inalia tena sasa hivi ninapoandika. Kwenye skrini imetokea "Kanana Usijali", kwa sababu hilo ndilo neno lake kila nikimpelekea habari mbaya.

Ngoja nishike. Na nyinyi mnaocheka, chekeni polepole, asiwasikie.