Mkate wa Kwanza Kariandusi

Leo nimeaibika, wenzangu, na aibu yenyewe nimeikanda kwa mikono yangu.

Asubuhi niliamka hapo Nakuru nikaona miguu inaniwasha kwa hamu ya safari. Sikuwa na mpango wowote. Nikafunga blanketi, sufuria, kikombe cha bati, unga wa ngano ratili mbili na hamira kidogo kwenye karatasi. (Ndiyo, mimi bado ni yule mnayemwita Bibi Arusi kwa sababu najipikia. Endeleeni tu.) Lori la mahindi likanibeba hadi Kariandusi, nikaona kilima kilichokatwa ubavu, cheupe pe pe pe. Nikamwomba dereva anishushe. Nilitaka tu kujua ni nini. Akasema ni machimbo, udongo wake husagwa ukasafirishwa kwa gari moshi, na wachimbaji wanakaa pale ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo palikuwa na chumba kimoja kitupu, cha Mama Nafula, mke wa mchimbaji. Akautazama mzigo wangu, akauliza bibi yuko wapi. Nikasema sina. Akatikisa kichwa. Kapera wa mwisho aliyempa chumba alikuwa akipiga hodi kila jioni ugali ukiiva, miezi mitatu, na hakuwahi kuleta hata ukuni mmoja.

Nikamwambia mimi hujipikia tangu nilipoacha shule darasa la nne. Nilianza kwa kuunguza kila kitu, sasa ndiyo raha yangu ya siku. Hata mkate naoka. Akaniangalia kana kwamba nimesema nimewahi kuzaa.

"Mkate?"

"Mkate, mama."

"Basi oka. Nikishindwa kuutafuna, utalala barabarani."

Nikakanda unga wangu wote. Nikamega donge la ukubwa wa ngumi, nikalitia kikombeni na kuliweka juani, liwe chachu ya kesho, kama nilivyomwona mpishi wa mzungu mmoja kule Njoro akifanya. Kilichobaki kikaonekana kidogo. Mkate wa kutafutia chumba hauwezi kuwa mdogo! Mama Nafula alikuwa ameenda kuita majirani waje waone ajabu. Kando ya jiko palikuwa na debe la kitu cheupe, laini, kilichosagwa vizuri. Nikajiambia nitamrudishia kesho. Nikachota bakuli tatu.

Wenzangu, kitu kile kilikuwa na kiu. Nilimimina maji, yakapotea. Nikamimina tena. Birika zima likaisha na donge bado kavu. Nikafikiri, kumbe hii ni ngano ya watu wakubwa. (Kilima kizima cheupe nilikuwa nimekitazama asubuhi hiyo hiyo. Akili haikuniambia kitu.)

Nikaweka makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Mama Nafula akarudi na majirani wawili, wakaketi. Basi nikawahutubia. Nikawaeleza habari za moto wa chini na moto wa juu. Nikawaambia mwanamume anayejipikia hatishwi na mtu. Nilisema mengi.

Nikafunua. Mkate ulikuwa mweupe vile vile nilivyouacha. Kisu kikateleza. Jirani mmoja akaleta panga bila kuombwa. Panga likalia kama linapiga tofali. Mama Nafula akaokota kipande, akakisugua kwenye tako jeusi la sufuria yake. Pakang'aa.

"Ndugu yangu," akasema taratibu, "umetuokea dawa ya kusugulia sufuria. Hiyo imetoka machimboni."

Wale majirani walicheka hadi mmoja akatoka nje kutafuta hewa. Mimi nikaanza kufunga blanketi.

Ndipo nikakiona kikombe. Donge lilikuwa limeumuka, limepanda ukingo, limevimba kama shavu la mtoto. Na njaa ilikuwa inaniuma. Nikasema, kama ni kulala barabarani, silali na njaa. Nikakitumbukiza kikombe ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu, na safari hii sikuhutubia mtu. Harufu ilipoanza kutoka, vicheko vikakatika kimoja kimoja. Nikautoa: mdogo, wa kahawia, unafuka mvuke. Nikakaa juu ya jiwe nikaula polepole na chumvi, peke yangu, kama chifu.

Mama Nafula akaja akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono. Nikammegea. Akatafuna. Akanyoosha mkono tena.

"Chumba ni chako," akasema. "Lakini jioni ukioka, usije kupiga hodi kwangu. Nitakuja kupiga mimi."

Nawaandikia nikiwa chumbani mwangu. Upepo wa huku ni mkali, lakini mlango hautikisiki: nimeuegemezea ule mkate wa kwanza. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika, na hakuna cha kucheka.