Nyota na Reli za Dada Mwandishi

Jumatatu, 9 Juni

Mimi ndiye fundi wa kompyuta mkali kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Kompyuta zikiniona zinajiwasha zenyewe. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa vya kunifundisha. (Wao wanasimulia vingine. Wivu.)

Leo dada mmoja kaingia dukani kwa Shangazi, tunakochapa na kutoa fotokopi. Flashi kaivaa shingoni kama kidani. Moyo wangu ukakwama kama karatasi kwenye printa.

Kaandika kitabu cha hadithi kwenye faili la maandishi matupu, maana laptopu yake kuukuu inagomea kila kitu kingine. Kila kichwa cha sura kimetanguliwa na alama ya reli, ile #, maneno mengine kayazungushia nyota. Mhariri anataka faili la Word analoweza kusahihisha ndani, mwisho Ijumaa jioni. La sivyo kitabu kingoje mwakani. Nikamwambia kazi hiyo naifanya nimelala. Akasema asante, mdogo wangu.

Mdogo wangu! Kanizidi nini, miaka miwili? Tutalirekebisha.

Miwani, yule mpiga picha za pasipoti wa kwenye kona, kadakia kwamba kuna programu inabadilisha faili kama hilo mara moja. Nikamwambia ashughulike na pasipoti zake. Mara moja! Dada akishapata faili lake mara moja, kesho atarudi kufanya nini?

Jumanne, 10 Juni

Mpango: sura moja kwa siku. Daktari mzuri hamnyweshi mgonjwa chupa nzima.

Kaja mchana. Ananukia sabuni ya kufulia. Sasa hata ndoo ya nguo inanitia simanzi. Nikamwambia sura ya kwanza ilikuwa sugu lakini nimeinyoosha. Kakaa kwenye benchi, kaniuliza hadithi nimeionaje. Nikajibu safi sana, imejipanga. Kasubiri kidogo, kama mtu anayengoja chenji. Nikapangusa kibodi. Kaaga.

Nikahamia kwenye benchi, pale pale alipokaa. Shangazi akauliza kama kaniajiri nifanye kazi au niatamie mayai.

Jumatano, 11 Juni

Hajaja. Mlango ukilia, nageuka. Mteja wa fotokopi. Nageuka. Upepo. Shangazi anauliza kama shingo imeteguka.

Kwa uchungu huo nimelisafisha faili lote. Nyota zote futa! Reli zote futa! Zilijaa kama chawa. Nikalibandika kwenye Word, linang'aa.

Miwani kachungulia, kashika kichwa. Eti reli ndizo zinazoiambia kompyuta kwamba hapa pana kichwa cha sura, na nyota ndizo zinazoinamisha maneno. Eti nimeng'oa vibao vyote vya barabarani halafu najisifu njia ni safi. Nikamwambia hata hiyo miwani yenyewe kaazima.

Alhamisi, 12 Juni

Kaja! Kafungua faili. Kauliza sura zake zimekwenda wapi, mbona vichwa vimezama ndani ya maandishi kama kokoto kwenye mchele? Nikamwambia atulie, hiyo ni hatua ya kwanza tu, mafundi ndivyo tunavyofanya. Kaondoka bila kukaa. Benchi limebaki baridi siku nzima.

Alasiri akili ikanijia. Nikalifungua faili lake halisi kwenye programu inayoonyesha vichwa vikubwa na maneno yaliyoinama, nikapiga picha ya kila ukurasa, nikazipanga picha zote ndani ya Word. Zuri hilo! Hata Miwani hakusema kitu. (Hakuwepo.)

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi kaliona, katabasamu, kaniita fundi. Fundi! Kalituma kwa mhariri hapo hapo. Nikafagia duka bila kuambiwa.

Mchana karudi anatweta, macho mekundu. Mhariri hawezi kuongeza hata mkato. Kila ukurasa ni picha, na saa zinakwenda.

Miwani kainuka, kaomba flashi. Kaandika mstari mmoja wa amri kwenye ile programu yake, kabonyeza. Vichwa hivi hapa, maneno yameinama, mkato unaongezwa popote. Printa yangu hata haijapata moto! Tena kamfundisha afanye mwenyewe nyumbani. Msaliti.

Halafu, wakikagua kurasa, Miwani akakomea kwenye hadithi ya fundi cherehani anayemshonea gauni mke aliyeondoka, akauliza kwa sauti ndogo: kwani yule mke hakurudi kweli? Dada kacheka, kajiziba mdomo, kakaa kwenye benchi. Benchi langu. Wakaongea weee, mpaka chai ya Miwani ikapoa.

Faili likatumwa, mhariri kalipokea. Akiaga akasema asante sana, kaka. Kwa Miwani. Kwangu: haya, mdogo wangu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimebandika tangazo mlangoni: Tunabadilisha vitabu, sura moja kwa siku, ubora wa kitaalamu. Shangazi kalibandua. Nitabandika jingine.

Nakala ya kitabu cha dada bado ninayo. Jioni nimeifungua niisome. Nyota zikanisumbua macho, nikaanza kuzifuta. Nilipokuwa nafuta, Shangazi akazima umeme kufunga duka.

Miwani si kitu. Picha zile si kitu, hata mhariri si kitu. Ila siku ile dada aliniuliza hadithi nimeionaje, akasubiri, na mimi sikuwa nimesoma hata sentensi moja.