Ozoni Yetu Inaibiwa Njia ya Kwale

Mwabungo, Agosti 1956

Bwana Mhariri mtukufu,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni Alfani bin Chirau, mwuza samaki wa kukaanga. Naomba nafasi gazetini mwako nishitaki wizi, maana askari niliyemwendea alicheka tu.

Mwenye hoteli mmoja wa Diani, alipofunga biashara, alituachia mtambo wa kusafisha maji ya tangi letu. Mtambo huo hautii unga wa dawa majini. Hupuliza majini hewa iitwayo ozoni, yenye harufu kama radi imepiga jirani, nayo huua vijidudu. Bwana Kitsao, mkaguzi wa maji, ndiye apimaye ozoni iliyosalia majini. Hutia matone yake. Maji yakigeuka buluu, ozoni imo, twanywa. Yakibaki meupe, hatunywi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Kitsao huchota maji hapa yakinuka radi, akayatia chupani, akapanda baiskeli mpaka ofisini Kwale, kule kilimani. Akifika hupumzika, husalimiana na watu, ndipo apime. Hapati kitu. Je, ozoni yetu inachukuliwa na nani njiani?

2. Kila akikosa, huamuru mtambo uongezwe nguvu. Sasa akina mama huenda tangini na leso puani, wakikohoa. Nilimwambia, "Bwana Kitsao, hebu yanuse mwenyewe." Akanijibu, "Mzee Alfani, pua si kipimo cha Serikali."

3. Tangi limetiwa kufuli. Tumerudi kwenye kidimbwi cha ng'ombe, na mke wangu Mwanarusi ameharisha hata kusimama hawezi. Nilimwomba Bwana Kitsao ndoo moja tu ya mgonjwa. Alisikitika kweli, akasema, "Siwezi kumpa mgonjwa maji yasiyo na dawa." Basi mgonjwa anakunywa ya ng'ombe.

4. Naomba askari aisindikize chupa. Ikishindikana, nyumba zote za njiani zipekuliwe, na yeyote mwenye afya kupita kiasi akamatwe. Hilo nalo likishindikana, Kwale yote ihamishiwe hapa. Kiwanja kipo nyuma ya nyumba yangu.

Nisalimie wachapaji wako na wasomaji wote, hata wa Kinango, ambao hawana tangi la kufungiwa.

Ni mimi mwenye kiu,
Alfani bin Chirau

Nyongeza: Nakala ya kwanza ya barua hii imeshaondoka na basi la asubuhi. Ikikufikia, nakusihi usiichape. Baada ya basi kuondoka, gurudumu la Bwana Kitsao lilipasuka hapa hapa, naye kwa kuchoka kungoja akapima kando ya tangi, maji yakitoka tu. Yakawa buluu kama wino! Akachota mengine, akayaacha chupani mpaka gurudumu likazibwa, akapima: meupe. "Mzee Alfani," akasema, "kumbe ozoni haikai. Hufa yenyewe." Amefungua kufuli, amepunguza nguvu ya mtambo, na Mwanarusi amekunywa glasi nzima na kutaka ya pili. Mwizi hayupo. Sasa Bwana Kitsao yuko barazani kwangu anakula samaki, nami namsikia akimwambia mke wangu kwamba gazeti lako hulisoma lote, akianzia barua za wasomaji.