Masikio Yangu Hayana Kasoro

Jumatatu, 8 Julai

Fedheha! Katika mazoezi ya jana wenzangu watatu walinyamaza mwisho wa wimbo, nami nikaendelea peke yangu kwa mistari miwili. Niliwaona wazembe. Gus, kiongozi wetu, fundi bomba mwenye sauti nzito kama pipa, aliniambia bila haya: Mwalimu, kapime masikio, la sivyo Wendell ataimba mahali pako kwenye mashindano ya maonyesho ya kaunti tarehe ishirini.

Wendell! Muuza mashine za kukata nyasi! Eti anazijua nyimbo zetu zote “kwa bahati tu”. Miaka thelathini na mmoja nimeongoza sauti ya kwanza katika kundi letu la wanne, bila piano, bila gitaa. Masikio yangu hayana kasoro. Watu wa siku hizi hawafungui vinywa.

Mke wangu, Lavonne, anadai king'ora cha moshi kililia jikoni dakika kumi huku nikisoma gazeti. Anatia chumvi. Nakumbuka vizuri: alikuwa nyenje.

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda kliniki ya mji wa pili, nisionekane. Mtaalamu wa masikio ni Bi Renata Skalski, mama mchangamfu. Alinifungia katika chumba kidogo chenye dirisha la kioo, akanivisha visikizi, akanipa kitufe. Nibonyeze kila nisikiapo mlio, hata uwe hafifu.

Nilifundisha Kilatini miaka thelathini na minane. Hakuna mbinu ya kuibia mtihani nisiyoijua. Mara moja nikagundua kwamba kila atoapo mlio, bega lake la kulia linapanda. Bega likipanda, nabonyeza. Rahisi!

Alifungua mlango akicheka. Mara saba za mwisho nilisikia nini? Milio, nikajibu, tena ya wazi kabisa.

“Mzee wangu,” akasema, “mara hizo saba nilikuwa najikuna. Mbu wa ziwani wamenila.”

Mtihani ukarudiwa, mimi nimegeuzwa ukutani kama mtoto mtukutu. Sauti nyembamba zote sizisikii. Hata moja.

Akauliza ni wapi hasa nahitaji kusikia. Nilikuwa nafungua kinywa nimweleze habari za kuimba, ndipo nikaona picha mezani: yeye na Wendell wameshika samaki mkubwa, na chini pameandikwa “Mimi na mjomba”. Mjomba wake! Nikasema mimi ni mtu wa nyumbani, nataka kumsikia mke wangu tu, basi. Burudani yoyote? Sina.

Alipendekeza kifaa cha kukaa nyuma ya sikio. Nikashikilia kile kidogo kabisa kinachozama ndani, Gus na Wendell wasikione. Akaonya kwamba ni dhaifu kwa masikio kama yangu. Hata hivyo ninazo siku thelathini za kukijaribu na kukibadilisha. Thelathini! Za nini?

Ijumaa, 12 Julai

Dunia ina kelele! Jokofu linanung'unika. Gazeti linalia kama kuni motoni. Na kumbe Lavonne huimba anapokaanga vitunguu. Nilisimama mlangoni kumsikiliza. Anaimba sehemu yangu mimi, wala haipotoshi. Sikumwambia, atajivuna.

Jioni, kanisani, kwenye chakula cha samaki wa Ijumaa, nilimsikia Wendell meza ya nyuma akimwambia mtu kwamba koti la mistari linamkaa vizuri. Amekwisha kushona koti la kundi letu! Nikashindwa kumaliza kabichi.

Jumanne, 16 Julai

Maafa mazoezini. Gus alipuliza kifilimbi chake kutupa sauti ya kuanzia. Maneno yakaenda sawa. Kisha tukafika pale mwishoni ambapo sote wanne hushikilia sauti moja ndefu mpaka madirisha yatetemeke, na kifaa kikaichukia. Sauti ikaanza kurukaruka sikioni mwangu kama mbuzi juu ya trekta. Nikaifuata. Nikawa mbuzi.

Gus akauliza kama nimemeza nyuki. Wendell, aliyekuwa “anapita tu”, alikuwa amelivaa koti. Nimepewa mazoezi ya kesho kutwa jioni, ya mwisho. Nikishindwa, ni yeye.

Alhamisi, 18 Julai

Asubuhi nimerudi kwa Bi Renata, nimeungama yote. Hakukasirika. Kifaa, alieleza, kilidhani ile sauti ndefu ni ule mluzi ambao vifaa hivi hujipigia vikizibwa au kuguswa, kikajitahidi kuuzima. Waimbaji huwekewa mpangilio wao. “Ungesema tu unaimba, babu! Mimi nakichagua kwa unayoniambia, si kwa unayonificha.”

Akanipa kile cha nyuma ya sikio, akakiunganisha na kompyuta, akaniimbisha ile sauti mara kumi na moja huku akirekebisha, mpaka wagonjwa waliokuwa wakingoja nje wakapiga makofi. Nikauliza kama atamwambia mjomba wake. Akanikazia macho: siri za mgonjwa hazitoki humu, ziwe zako au za mjomba.

Za mjomba? Akafungua mlango, akamwita mgonjwa mwingine.

Jioni Gus alinisikiliza, akakohoa, akasema koti langu linahitaji pasi. Nimo!

Jumapili, 21 Julai

Jana kwenye maonyesho tumeshika nafasi ya pili! Sauti ya mwisho ilisimama imara mpaka ng'ombe wa banda la jirani wakaitikia. Wendell alikuja kunikumbatia, na kichwa chake kilipogusa changu, mluzi mwembamba ukatoka sikioni mwake. Kifaa! Kile kile kidogo! Nikamnong'oneza kwamba cha nyuma ya sikio ni bora. Alijifanya hakusikia. Au hakusikia.

Doa moja tu. Nilipowainamia waamuzi kwa heshima, Lavonne anasema niliinamia meza ya jibini. Amenipangia miadi ya macho Jumatano.

Jumatatu, 22 Julai

Upuuzi. Macho yangu hayana kasoro. Hata hivyo, leo nimepita ofisi ya leseni za udereva, nikasimama hatua moja mbele ya lile bango la herufi la kupimia macho. Nimeikariri mistari yote saba, kutoka juu na kutoka chini. Daktari na ajikune apendavyo.